Kabureta Husingiziwa: Gari la Zamani Huponea Tangini

Gari la spoti la miaka ya 1970 likizima njiani, mkono wa fundi hukimbilia kabureta. Boneti hufunguliwa, bisibisi hutolewa, na kabla mwenye gari hajamaliza kueleza lilivyozima, skrubu zimeshazungushwa robo huku na nusu kule. Gari linawaka, fundi analipwa. Mbele kidogo linazima tena, safari hii mahali pabaya zaidi, na sasa hukumu inatolewa kwamba kabureta imekufa, itafutwe nyingine. Kwa gari ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza karibu nusu karne iliyopita, hukumu hiyo ni ghali na mara nyingi haina haki. Kabureta ndiyo ya mwisho kupokea mafuta. Uchafu wa tangi, ufa wa mpira, udhaifu wa pampu, chujio lililoziba, vyote huja kuonekana kwake, na yeye ndiye anayebeba lawama.

Nataka kuitetea hapa, na kutetea utaratibu wa kazi ambao mafundi wenye subira wameufuata tangu zamani: mafuta yafuatwe kuanzia yanapohifadhiwa hadi yanapoungua, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Utaratibu huo ungali hai mahali ambapo huenda msomaji hakutarajia kwenye habari za magari ya spoti: Matongo. Kata hii ya Tarime, jirani na Mto Mara ambao ng'ambo yake ni Serengeti, inajulikana kwa dhahabu. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na ndani ya uzio wake yanafanya kazi malori makubwa ya dizeli ambayo fundi huyachunguza kwa kompyuta. Nje ya uzio, maisha ya watu yanaendeshwa na petroli na kabureta: bodaboda zinazopanda na kushuka Nyamongo, pampu za kuvuta maji kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, jenereta ndogo za madukani umeme unapokatika. Huku ndiko ujuzi wa kabureta ungali hai. Kijana anayefungua bakuli la kabureta ya pikipiki kando ya barabara anashika vitu vile vile vilivyomo kwenye Datsun 240Z iliyofunikwa turubai kwenye gereji ya mkusanyaji wa magari ya kale: bakuli, boya, sindano, jeti. Kilichotofautiana ni ukubwa na idadi.

Tena hiyo Datsun si mgeni kwetu. Ilijijengea jina kwenye barabara za Afrika Mashariki. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na gari la aina hiyo hiyo chini ya Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström wa Sweden aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, yenye injini ndogo zaidi. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan nchini Japani hadi leo.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Katikati ya ushindi huo, mwaka 1966 na 1967, kombe lilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell waliotokea Tanzania, nao wakiwa kwenye Peugeot 404. Nayataja haya kwa sababu yanahusu mafuta moja kwa moja. Gari linalopita vumbi la Dodoma, tope la milimani na joto la tambarare kwa siku kadhaa mfululizo haliponi kwa kuwa na injini kubwa. Linapona kwa kupata petroli safi, ya kutosha, kila dakika. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambayo yamewahi kupita Kenya na Tanzania, na humo 240Z zingali zinakimbia na mafundi wake wangali wanahangaika na maswali yale yale.

Basi gari limezima, au linamisi, au linakosa nguvu kwenye mlima. Kabla ya spana yoyote kushikwa, vuta choki kidogo wakati injini inahangaika. Kama inatulia na kupata nguvu, inakosa mafuta: mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi petroli. Kama inazidi kusonga na kutoa moshi mweusi, petroli imezidi, au tatizo halimo kwenye mafuta kabisa. Jaribio hili halina gharama na linaokoa nusu ya kazi. Injini ya petroli hutaka takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, na choki ni njia ya haraka ya kuiuliza imeegemea upande gani.

Halafu toa plagi uzisome. Plagi nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli imezidi. Nyeupe kama chaki inasema petroli haitoshi na joto limepanda. Ya kahawia hafifu ni salama. Kwenye injini ya mitungi sita yenye kabureta mbili, kama ya 240Z, plagi zinasema zaidi: kabureta ya mbele inalisha mitungi mitatu ya mbele, ya nyuma inalisha mitatu ya nyuma. Tatu zikiwa nyeusi na tatu kahawia, ugonjwa upo kwenye kabureta moja na tangi linaweza kusamehewa. Sita zote zikiwa nyeupe, rudi nyuma kabisa ya gari.

Nyuma ya gari kuna tangi, na tangi lina kasoro nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Ya kwanza ni hewa. Kila lita ya petroli inayotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, vinginevyo pampu inakuwa kama mtoto anayefyonza soda kwenye chupa bila kuiachia: kadiri anavyovuta ndivyo inavyokataa kutoka. Tundu la kupitishia hewa likiziba kwa vumbi au kutu, gari huenda vizuri dakika kumi au ishirini, kisha linafifia na kuzima. Likipumzishwa kidogo linawaka kana kwamba halijawahi kuumwa. Dawa ya kulithibitisha ni rahisi. Gari linapozima, kabla ya jambo jingine lolote, fungua mfuniko wa tangi taratibu huku sikio likiwa karibu. Ukisikia hewa inavutwa kuingia ndani, umempata mwizi. Bodaboda wengi wanalijua hili. Ukiona dereva anafungua na kufunga mfuniko wa tangi katikati ya mlima, ndicho anachokitafuta. Kwenye 240Z, hasa zilizouzwa Marekani, kazi ya hewa na mvuke hupitia mipira kadhaa iliyofichwa ubavuni nyuma, na mipira hiyo ikipasuka kwa uzee, abiria hukaa na harufu ya petroli safari nzima. Watu wamebadilisha kabureta kwa ajili ya harufu hiyo, ilhali inatoka nyuma ya viti.

Ya pili ni kutu. Tangi lililoachwa nusu kwa miezi linavuta unyevu. Usiku chuma kinapoa, maji yanajitengeneza kwenye kuta za ndani, yanateremka chini ya petroli kwa sababu ni mazito kuliko petroli, na hapo yanaanza kula chuma. Gari likitembea, unga mwekundu unanyanyuka na kukusanyika kwenye mdomo wa bomba la kuvutia. Dalili zake zinafanana sana na za tundu la hewa: linaenda, linafifia kasi ikiongezeka, linazima, likipumzika, uchafu unadondoka chini na gari linawaka tena. Tofauti ni ule mvuto wa hewa kwenye mfuniko. Ukiwapo, ni tundu. Usipokuwapo, shuku kutu.

Ya tatu ni petroli yenyewe. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zinazosaidia injini kuwaka ikiwa baridi, na inayobaki hugeuka utomvu unaonata kwenye vitundu vya jeti. Harufu yake hubadilika ikafanana na ya rangi ya kupaka iliyochacha. Gari la kale linalowashwa sikukuu kwa sikukuu linaishi na petroli ya namna hii bila mwenyewe kujua.

Kuna pia petroli iliyochakachuliwa. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli na dizeli, na waliokosa haya wakayachanganya. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yanayochezewa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ipungue. Hatua hizo zilisaidia sana, ila petroli inayouzwa kwenye chupa vijijini, mbali na kituo, haina wa kuidhamini zaidi ya muuzaji. Injini ya spoti ya zamani yenye mgandamizo mkubwa inaumia haraka kwa mafuta hayo: inagonga kwenye mlima, inachelewa kuwaka, inatoa moshi, na ikiendeshwa hivyo pistoni zinatoboka. Kipimo cha nyumbani ni karatasi nyeupe. Dondoshea matone mawili ya petroli unayoishuku, uyaache kivulini. Petroli safi huruka upesi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Mafuta ya taa au dizeli huacha doa la mafuta lisilotaka kukauka.

Na ipo chupa. Chota mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, yatie kwenye chupa angavu ya kioo, uiache hadi kesho yake mahali pa wazi palipo mbali na moto. Asubuhi inue kwenye mwanga. Maji yatakuwa yamekaa chini na mstari ulionyooka kati yake na petroli. Kutu itakuwa imetanda kitakoni kama vumbi jekundu, na ukiitikisa kidogo inapanda kwa mawingu mawingu kisha inashuka tena. Hapo ndipo utajua kama kabureta ina kesi ya kujibu. Nashangaa kuona kipimo hiki hakifanywi, hali hakina gharama na hakihitaji shule.

Tangi likishathibitishwa, tunalifuata bomba. Hapa kuna jambo linalowapita wengi. Katika 240Z pampu ya kiwandani imefungwa kwenye injini mbele, nayo inavuta mafuta kutoka nyuma, urefu wote wa gari. Sehemu yote iliyo kati ya tangi na pampu iko kwenye mvuto. Mpira uliopasuka upande huo hautoi tone la petroli chini, kwa hiyo hauonekani. Unaingiza hewa. Injini inapata mapovu badala ya mafuta, inakosa nguvu, na fundi anayetafuta mvujo kwa macho hatauona kamwe. Mipira ya umri wa miaka 30 au 40 ibadilishwe yote, hata inayoonekana nzima, na iwekwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira wa maji huyeyuka ndani kwa ndani, na vipande vyake husafiri hadi kwenye sindano ya boya.

Namna bora ya kuligawa tatizo katikati inafanywa kila siku na mafundi wa pikipiki. Pikipiki ikisumbua na hawajui kosa liko wapi, huning'iniza chupa ndogo ya petroli safi juu ya kabureta, wakaiunganisha kwa mpira mwembamba, na kulitenga tangi kabisa. Pikipiki ikinguruma vizuri, kabureta imeshinda kesi. Tangi, koki na chujio vibaki kujibu. Gari la spoti linataka jaribio lile lile kwa ukubwa wake: dumu safi karibu na injini, mpira mpya moja kwa moja hadi pampu. Likitulia, ugonjwa uko nyuma ya pampu. Likiendelea kuumwa, hamisha jaribio mbele ya pampu. Kwa majaribio mawili umelipunguza eneo la kutafuta bila kufungua skrubu hata moja ya kabureta.

Jaribio hili lina hatari, na sitaki msomaji aipuuze. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unajikusanya kwenye shimo la gereji, na cheche moja ya betri inatosha. Dumu lisikae juu ya eksozi. Ndoo ya mchanga na kizima moto viwe mkononi, si dukani. Sigara na jiko la mkaa viwe mbali. Na petroli isivutwe kwa mdomo. Tabia hii imeenea mno, kwenye pikipiki, kwenye pampu za maji, kwenye madumu. Matone machache yakiteleza kuingia kwenye mapafu huyaunguza, na mtu anaweza kupata nimonia mbaya hata kama alikohoa kidogo tu akacheka na wenzake. Aliyemeza asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu. Apelekwe kituo cha afya. Pampu ndogo ya mkono ya kunyonyea mafuta inauzwa bei ambayo fundi yeyote anaimudu.

Pampu sasa. Ya kiwandani ina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na injini juu chini. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, ondoa umeme wa koili ili cheche isiruke, kisha piga stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu, yanayofuatana na mzunguko wa injini. Ikitiririka kinyonge au ikichanganyika na mapovu, umeshajua. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Kiwambo kikitoboka, petroli inaweza kuvujia kwenye oili ya injini. Kipimo kinapanda badala ya kushuka, oili inanuka na kuwa nyepesi, na vyuma vinasagana bila ulinzi. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena mpaka oili imwagwe.

Wengi wanaokosa pampu ya asili hufunga ya umeme iliyotolewa kwenye gari la kisasa. Hapa ndipo kabureta husingiziwa kuliko popote. Kabureta za aina hii zinahitaji msukumo mdogo, kama baa 0.2 hadi 0.3. Pampu ya gari la injeksheni hutoa mara kumi ya huo. Sindano ya boya haiwezi kuuzuia. Inasukumwa wazi, bakuli linafurika, petroli inamwagika juu ya eksozi yenye moto. Mwenye gari anaambiwa boya limekufa, ilhali boya lilionewa.

Joto nalo lina sura yake. Kwenye injini ya L24 ya 240Z, ya mitungi 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta na eksozi viko upande mmoja, kabureta zikiwa juu. Ukizima injini baada ya safari ndefu, upepo hakuna, feni haizunguki, na joto lote la eksozi linapanda. Petroli iliyomo bakulini inaanza kuchemka. Ukirudi baada ya kunywa chai gari linakataa kuwaka, na nusu saa baadaye linawaka lenyewe. Kanda ya Ziwa iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na huku juu vimiminika vinachemka kwa joto dogo zaidi, kwa hiyo tatizo hili linakuja mapema. Kwanza hakikisha bati la kukinga joto lililowekwa na kiwanda kati ya eksozi na kabureta lipo. Watu wamelitoa kwa kuona halina kazi. Bomba la mafuta lisilaliane na injini. Njiani, boneti ifunguliwe na kitambaa chenye maji kiwekwe juu ya pampu, si juu ya eksozi.

Baada ya yote hayo, kama ugonjwa bado upo, ndipo zamu ya kabureta inafika, na hapa nakiri naipenda. Zile za Hitachi zilizofungwa kwenye 240Z za mwanzo zinafuata mtindo wa SU wa Uingereza, ubunifu wa familia ya Skinner wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Uzuri wake ni kwamba ina jeti moja tu. Juu yake kuna pistoni inayonyanyuliwa na mvuto wa injini yenyewe, na kwenye tumbo la pistoni kuna sindano ndefu iliyochongoka inayoingia ndani ya jeti. Injini ikitaka hewa zaidi, pistoni inapanda, sindano inapanda nayo, na kwa kuwa ncha yake ni nyembamba, nafasi ya petroli kupita inaongezeka. Hewa na mafuta vinakua pamoja. Baadhi ya kabureta za pikipiki zinatumia pistoni inayonyanyuliwa kwa mvuto namna hii hii, kwa hiyo fundi aliyezifungua atajikuta nyumbani.

Toa chujio la hewa, ingiza kidole, nyanyua pistoni hadi juu, iachie. Inatakiwa ishuke kwa utulivu na kugonga chini, "tak". Isipogonga, imekwaruzwa, ina uchafu, au jeti haiko katikati na sindano inaisugua. Vumbi jembamba la barabara ya udongo mwekundu ndilo adui wake mkubwa, na gari lisilo na chujio zima la hewa litamaliza pistoni hiyo mapema. Kisha fungua kifuniko kidogo cha juu uangalie oili. Oili hiyo nyepesi inazuia pistoni isiruke ghafla unapokanyaga mafuta. Ikikauka, gari husita na kurudisha moto kwenye kabureta kila unapotaka kuongeza kasi, na nimesoma ushauri wa watu kubadilisha sindano kwa tatizo lililotaka matone machache ya oili.

Kwa mchanganyiko, injini iwe imepata moto. Nyanyua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, kama unene wa kucha. Injini ikiongeza mzunguko na kubaki juu, petroli imezidi. Ikifa au ikilegea, petroli haitoshi. Ikipanda kidogo kisha ikarudi pale pale, uko sawa. Kinachorekebisha ni nati iliyo chini ya jeti: ukiipandisha unapunguza petroli, ukiishusha unaongeza. Sehemu ya kuanzia ni takriban mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam usawa wa bahari likiletwa Tarime litavuta petroli iliyozidi, kwa sababu hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Halina ugonjwa, linataka nati ipandishwe kidogo. Likirudi pwani, nati irudishwe, vinginevyo litakwenda na mchanganyiko mwepesi na kuchoma vali.

Kabureta mbili lazima zivute sawa. Vifaa vya kupimia vipo, na wazee walitumia kipande cha mpira: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, kisha ya pili, wakirekebisha mpaka sauti ya hewa ifanane. Njia hiyo bado inafaa.

Neno kuhusu umeme, kwa sababu unajua kujificha ndani ya mafuta. Platini zilizochakaa na kondensa inayokufa ikipata moto huleta dalili zile zile: gari linaenda baridi, linamisi likipata joto, linazima, linawaka likipoa. Kondensa ni kitu kidogo cha bei ndogo. Iangaliwe pamoja na platini kabla ya mtu kutangaza kwamba ameshindwa na kabureta.

Magari ya injeksheni ya zamani yanataka makala yake. Itoshe kusema kwamba Peugeot 404 Injection, ambayo Shankland alishinda nayo, ilitumia pampu ya Kugelfischer ya mitambo mitupu, isiyo na kompyuta, na pampu ya aina hiyo hutaka petroli iliyochujwa vizuri kuliko kabureta yoyote. Datsun 280Z ya mwaka 1975 ilikuja na injeksheni ya umeme yenye asili ya Bosch, na humo matatizo mengi huwa kwenye viunganishi vya nyaya vilivyoshika kutu, kabla hata ya kufika kwenye sindano zenyewe.

Mwenye gari lililolala miaka kadhaa asilipige stata kwa pupa. Petroli ya zamani imwagwe yote, mahali salama, si mtaroni. Tangi lishushwe, lioshwe, lichunguzwe kwa tochi isiyotoa cheche. Mipira yote ibadilishwe. Kabureta zifunguliwe, kila tundu lipulizwe kwa upepo wa kompresa, na waya usitumike kuchokonolea jeti maana hupanua tundu lililopimwa kwa uangalifu kiwandani. Gasketi mpya. Chujio jipya la plastiki angavu kati ya tangi na pampu, lifungwe mahali ambapo dereva anaweza kulitazama bila kulala chini. Baada ya kilomita 50 za kwanza likatwe, karatasi yake itandazwe juu ya gazeti. Ikiwa nyeupe, safari ndefu inaweza kupangwa. Ikiwa nyekundu, tangi lishushwe tena.